Makochi Yaliyomngoja Mkaguzi

Zamani, ukitaka kumuudhi fundi makochi wa ule mtaa ulio nyuma ya kituo cha mafuta, ilitosha kumwuliza swali moja tu: mbona nyumbani kwako watu wanakalia mabenchi? Angekutazama toka utosini hadi kwenye kandambili zako, kisha angekugeuzia kisogo aendelee kugonga. Siku hizi swali hilo halimuudhi tena. Siku hizi anakushika mkono, anakuingiza sebuleni ukajionee mwenyewe, na kama una haraka zako, shauri yako, kwa sababu habari yenyewe si fupi.

Tuanze na yeye. Fundi ni mrefu, mkavu, magoti yanamlia kila akichuchumaa, na akiwa kazini hasemi. Si kiburi. Ni kwamba mdomo umejaa misumari. Huipanga kati ya midomo, midogo midogo, vichwa nje, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi kadiri anavyogonga. Ukimsalimu anakuitikia kwa nyusi. Wateja wapya hudhani wamemkosea. Wa zamani wameshajua kusoma nyusi.

Aliyesema kwa niaba ya wote wawili ni mkewe, na huyo alisema kwelikweli. Alikuwa mama mnene, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni na kinachochelewa kwisha, na mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Mkaguzi. Jina alilipata kihalali. Hakuna kochi lililowahi kutoka kwenye karakana ile kabla yeye hajalikalia.

Mambo yalikwenda hivi. Fundi akimaliza kazi, alilisukuma kochi hadi mlangoni penye mwanga, akatema misumari iliyobaki kwenye kopo, akaita, "Mkaguzi!" Mama huyo alitoka uani akijifuta mikono, akalitazama kochi kama mtu anayetazama mkwe mtarajiwa, akageuka, akakusanya gauni, na akajiachia mzimamzima bila huruma yoyote. Springi zililia. Kisha alifumba macho. Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akaegemea, akanyoosha miguu. Wakati wote huo Fundi alijifanya anapanga nyuzi, kumbe roho iko juu kama ya mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Mkaguzi akisema, "Limenipokea," mwenye kochi aliitwa aje kulichukua. Akisema, "Kushoto kunanichoma," basi vita.

Na hiyo kushoto ndiyo iliyokuwa kesi ya ndoa yao. Haikuwa kulia hata siku moja. Ilikuwa kushoto tu.

"Springi ni zilezile," Fundi alikuwa akisema. "Kamba ni ileile. Labda wewe ndiye umekaa upande."

"Mimi nikae upande nina nini? Hebu kaa mwenyewe uone."

"Fundi hakai."

Hilo lilikuwa neno la yule mzee aliyemfundisha kazi: kochi ni la mwenye kochi, fundi analitengeneza, halikalii. Fundi alilishika neno hilo kama kiapo. Katika maisha yake yote alikuwa hajakalia hata kochi moja alilolitengeneza kwa mikono yake. Kwa hiyo mkewe akilalamika, alilipindua kochi miguu juu, akanung'unika, akaingiza mkono ndani akapapasapapasa, akaligonga kiganja mara mbili na kulisimamisha tena. Mkaguzi akakaa upya, akasema, "Haya, afadhali." Fundi akacheka kichinichini, kwa sababu kule chini hakuwa amerekebisha chochote.

Nyumbani kwao, pamoja na ufundi wote huo, walikaa kwenye mabenchi. Mkaguzi alikuwa ameahidiwa kochi lake mwenyewe tangu binti yao akiwa hajaota meno. Kitambaa alikichagua yeye, cha buluu chenye vimaua vyeupe, kikafungwa kwenye karatasi na kuwekwa juu ya rafu. Fremu ilichongwa, springi zikafungwa, ikabaki sponji na kitambaa. Lakini kila lilipokaribia zamu yake, aliingia mteja mwenye haraka. Fundi akasema, "Lako linakuja, mke wangu." Mkaguzi akacheka, akasema, "Mimi si ninakalia ya watu wote? Nani kama mimi?" Na fremu ikarudishwa pembeni.

Kisha Mkaguzi akaugua. Hakuugua muda mrefu. Aliugua kidogo, akawatania manesi kidogo, akafa.

Binti yao, anayeuza kwenye duka la dawa na ambaye mumewe ni dereva wa masafa marefu, alihamia kwa baba yake pamoja na mtoto wake. Mtoto huyo ni wa kike, wa umri ule wa meno ya mbele kuanza kulegea, na kwa jinsi anavyoongea bila kuvuta pumzi, bibi yake alikuwa amempa jina la Chiriku. Mama mtu alimweleza habari kwa maneno aliyoyaweza. Alimwambia Bibi amekwenda kupumzika kwa Mungu. Chiriku akafikiri, akauliza kama kwa Mungu kuna viti. Mama akasema vipo, akakimbilia jikoni akidai kuna kitu kinaungua. Hakukuwa na kitu kinachoungua. Chiriku yeye alitosheka kabisa. Bibi yupo kwa Mungu, viti vipo, basi.

Watu wazima ndio waliokuwa hawajatosheka. Fundi hakulia msibani. Watu walipotawanyika alirudi karakana, akamalizia kochi la yule nesi mstaafu wa mtaa wa pili, akalisukuma hadi mlangoni, akatema misumari kwenye kopo, na kabla hajajua anafanya nini akaita, "Mkaguzi!"

Aliita kwa sauti ile ile ya kila siku. Binti yake alikuwa uani anaanika nguo, akaganda na shuka mkononi. Fundi alibaki amesimama akitazama mlango wa uani, ule ambao angetokea mtu anajifuta mikono. Halafu alilirudisha kochi ndani na kulifunika shuka.

Tangu siku hiyo hakuna kochi lililotoka. Aliyatengeneza, yakaisha, yakapendeza, akayafunika. Nesi akija anaambiwa bado. Akija tena anaambiwa bado kidogo. Karakana ikajaa makochi yaliyovaa mashuka kama wagonjwa, hata Fundi mwenyewe akawa anapita kwa ubavu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye benchi lake la wateja lilikuwa limeletwa kubadilishwa sponji, alikuja kulalamika kirafiki.

"Fundi, mwenzio nimefikwa. Wateja wangu wanakalia ndoo. Jana mmoja amenyanyuka na ndoo imemng'ang'ania."

Siku nyingine Fundi angecheka. Safari hii aliinua nyusi tu, na mdomoni hamkuwa na msumari hata mmoja.

Ndani ya nyumba nako kulikuwa na sheria ambayo haikutungwa na mtu. Hakuna aliyemtaja marehemu. Binti aliogopa kumliza baba yake, baba aliogopa kumliza binti, na kila mmoja alikuwa akijikaza kwa ajili ya mwenzake mpaka nyumba ikawa nzito. Mchuzi ulitiwa chumvi mara mbili au haukutiwa kabisa. Chiriku peke yake hakuwa na habari na sheria hiyo. Yeye alisema "Bibi anapenda hivi", "Bibi hataki vile", wala si "alipenda" wala si "hakutaka", na kila alipofungua mdomo wakubwa waliinamia sahani zao.

Asubuhi moja ya Jumamosi, wakinywa chai, Fundi alitangaza uamuzi wake.

"Nafunga karakana," alisema. "Kinyozi ananitafutia mtu wa kupanga pale mahali."

Binti aliweka kikombe chini. "Na makochi ya watu, Baba?"

"Nitayafumua. Nitawarudishia vitambaa vyao na mbao zao."

"Kuyafumua? Si yameisha?"

"Hayajaisha," alisema Fundi. "Hayajakaguliwa."

Akanyanyuka akaenda zake. Binti hakumfuata. Alijua akimfuata watalia wote wawili, na bado alidhani kulia ni jambo la kuepukwa. Aliyemfuata ni Chiriku, na kipande chake cha mkate mkononi, maana kwake yeye kufumua makochi lilikuwa jambo la kwenda kutazama.

Alimkuta babu yake ameshavua shuka kwenye kochi la nesi. Ameshika koleo la kung'olea misumari, ameinama, lakini hajaanza. Alikuwa akiutazama mstari wa misumari aliyoigongelea mwenyewe, imenyooka utadhani imechorwa.

"Babu, unalifumua kwa nini? Ni zuri."

"Halijakaguliwa, mjukuu wangu."

"Kwani Bibi anakagua wapi siku hizi?"

Fundi aligeuzageuza koleo mkononi. Chiriku akala mkate, akafikiri, akajijibu mwenyewe, kwa sababu hana desturi ya kuliacha swali lipotee bure.

"Kwa Mungu wapo watu wengi, eti? Na wote wamekwenda kupumzika. Sasa bila Mkaguzi watapumzikaje vizuri? Ndiyo maana akamwita Bibi."

Alilisema hilo kama anavyosema kwamba mvua ikinyesha tunaanua nguo. Fundi akaketi juu ya debe la gundi, magoti yakilia. Mdomo wake haukuwa na misumari, kwa hiyo hakuwa na pa kujifichia, na lile alilolibeba muda wote huo likatoka lenyewe, mbele ya mtoto.

"Sikumtengenezea, Chiriku. Bibi yako. Amekalia makochi ya watu maisha yake yote, la kwake mwenyewe hakulipata. Lile pale." Akaonyesha fremu iliyokuwa pembeni. "Kila siku namwambia linakuja, linakuja. Halikuja."

Chiriku aliitazama fremu, akamtazama babu yake, tena kwa huruma ya mtu anayeona mwenzake anahangaika na hesabu rahisi.

"Mungu hajui kutengeneza makochi?"

"Anajua," alisema Fundi.

"Anajua kukushinda wewe?"

Hapo Fundi alisita. Tusimlaumu, fundi ni fundi. Alikohoa, akajikuna shingo.

"Ananishinda," alikiri.

"Basi, Babu! Si amempa lake?" Chiriku alipanua mikono yote miwili, mkate na yote. "Wewe ulikuwa unakuja kumpa, Mungu akawahi. Sasa hivi amekaa."

Fundi aliliweka koleo chini. Siku zote hizo alikuwa akimwona mkewe amesimama. Hajui kwa nini, lakini ndivyo alivyokuwa akimwona kila akifumba macho, amesimama mlangoni, anangoja kiti, miguu imemchoka. Haikuwahi kumpitia kichwani hata mara moja kwamba huko aliko amekaa. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Chiriku hakushtuka. Alimpa babu yake kipande cha mkate kilichobaki, ambacho kilikuwa ukoko mtupu, akafumba macho palepale katikati ya vitambaa.

"Shikamoo Mungu," alisema.

Akanyamaza kidogo, akangoja aitikiwe. Akaonekana ameitikiwa, maana alitikisa kichwa na kuendelea.

"Ni mimi tena. Bibi hajambo? Ahsante kwa kumpa kochi. Babu alikuwa anasikitika kwa sababu hakujua. Sasa huku kwetu makochi yamejaa, na Mkaguzi ni huyo uliye naye. Usimrudishe, namjua, atakuwa amezoea. Mimi nitakaa badala yake. Ila mimi ni mwepesi, kwa hiyo Bibi anisaidie. Na lile la buluu Babu akilimaliza, Bibi amwambie mwenyewe lina kasoro gani, maana mimi sitajua. Salamu kwa wote huko. Amina."

Akafumbua macho, akapanda kwenye kochi la nesi, akajiachia kama bibi yake. Kochi halikuwa na habari naye. Springi hazikulia hata moja. Akaruka, akajiachia tena, wapi.

"Sifiki uzito wa Bibi," alisema kwa uchungu. "Mama! Mama, njoo tukae!"

Binti alitokea mlango wa uani akikimbia, akidhani mtu kaumia, na akaja anajifuta mikono. Fundi alimwona anavyotokea vile, moyo ukampiga, halafu ukatulia. Chiriku alikuwa ameshamshika mama yake gauni.

"Kaa hapa, unipakate. Tunakagua badala ya Bibi. Nimeshaongea na Mungu."

Binti alimtazama baba yake. Alimwona ana machozi, na pamoja na machozi ana ukoko wa mkate mkononi ambao hajui aufanye nini, na akaangua kicheko. Katikati ya kicheko akalia. Akakaa hivyohivyo, mtoto mapajani, akilia na kucheka, na springi zikalia pamoja naye.

"Bado kidogo," Chiriku alitoa hukumu. "Bibi ni mzito zaidi. Mjomba Kinyozi!"

Kinyozi alivuka barabara na mashine ya kunyolea mkononi. Nyuma yake alikuja mteja wake, kitambaa shingoni, amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa, maana hakukubali kuachwa peke yake umbea ukimpita. Walipoelezwa kinachotakiwa, hawakuuliza la pili. Kinyozi akakaa kulia kwa binti, mteja akajibana kushoto, Chiriku juu ya wote.

"Sasa tumefika?" aliuliza Kinyozi, mashavu yamebanwa.

Fundi aliwatazama wote wanne. "Mmemkaribia," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, Fundi akacheka kwa sauti.

Chiriku alifumba macho, akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto juu ya magoti ya watu, akaegemea kifua cha mama yake. "Limenipokea," alisema. Nesi akaitwa. Walikagua hadi jua lilipokuwa la utosini, kochi baada ya kochi, na yakatoka moja baada ya jingine. Benchi la kinyozi lilivushwa barabara kwa shangwe kama bibi harusi, na ndoo ikarudi kwenye kazi yake. Yule mteja alisahau kumaliziwa nywele, akaenda nazo nyumbani vile vile.

Habari ya kupangisha karakana haikutajwa tena. Mezani mambo yalibadilika pia. Binti alianza kusema, "Mama angeona mchuzi huu angenifukuza jikoni," na Fundi akajibu kwamba marehemu mwenyewe, Mungu amrehemu, wali ulikuwa ukimshinda siku nyingine. Walicheka. Walilia pia, siku mojamoja, lakini walilia wakiwa pamoja, na baadaye walikula.

Kazi ya kwanza aliyoishika Fundi baada ya karakana kuwa nyeupe ilikuwa lile kochi la fremu ya pembeni. Wateja walikuja na haraka zao, akawaambia wangoje. Springi aliziacha kama alivyozifunga mwenyewe zamani. Akaweka gunia, akaweka sponji, akateremsha kitambaa cha buluu, na alipokifungua kwenye karatasi alikinusa kwanza kabla ya kukikata. Aligongelea misumari polepole kuliko kawaida yake. Alipomaliza alilisukuma hadi mlangoni penye mwanga, na binti na Kinyozi wakaja kutazama. Lilikuwa kochi zuri kuliko yote aliyowahi kuyafanya.

"Haya, Chiriku," alisema. "Kagua."

Chiriku aliweka mikono nyuma. "Mimi sikai. Hilo ni la Bibi."

"Bibi si ulisema amepata lake?"

"Ndiyo. Kwa hiyo hili ni lako. Kaa wewe, Babu."

"Fundi hakai," alisema Fundi.

"Lakini nilimwomba Mungu!" Uso wa Chiriku ulianza kukunjamana. "Nilisema Bibi akuambie wewe kasoro iko wapi. Usipokaa utamsikiaje? Mungu ataona mimi mwongo."

Kinyozi alikohoa. Binti alimtazama baba yake kwa wasiwasi, maana alikijua kile kiapo, na alijua pia jinsi mtoto wake alivyoshika jambo hili. Fundi alisimama kati ya maneno ya mzee aliyemfundisha kazi na macho ya mjukuu wake. Alisimama sana. Mwisho akavua aproni, akajipangusa suruali, akageuka, na akashuka taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyoyajua kina.

Akakaa. Akafumba macho. Akajisogeza kulia. Akajisogeza kushoto.

Macho yakamtoka.

Alirudi kulia, akaja tena kushoto, polepole. Akajiinua, akapapasa chini yake.

"Kushoto," alisema Fundi. "Kushoto kunanichoma."

Binti alishika mdomo. Fundi alishuka akapiga magoti, akalipindua kochi lake zuri miguu juu, akaingiza mkono, na safari hii alipapasa kwelikweli. Kamba za kushoto zilikuwa ngumu kama waya. Aliitazama mikono yake miwili. Kumbe maisha yote hufunga springi akianza upande wa kushoto, mikono ikiwa na nguvu mpya, na kamba huivuta kwa uzito wa mwili mzima. Akifika kulia ameshachoka, analegeza. Kila kochi. Kila kochi lililowahi kutoka mikononi mwake.

"Alikuwa sahihi," alisema. "Mke wangu alikuwa sahihi siku zote. Na mimi napiga kiganja tu, yeye ananiambia afadhali!" Aliketi sakafuni, akaanza kucheka, kicheko cha kuanzia tumboni, mpaka machozi yakamtiririka. "Alikuwa ananihurumia!"

"Fundi," alisema Kinyozi polepole, kama mtu aliyezinduka usingizini, "lile kochi ulilonitengenezea sebuleni, miaka yote tunakaa tumeegemea kulia, mimi na mke wangu na watoto. Nilidhani ndiyo ukaaji wa familia yetu."

Hapo binti alikaa chini na yeye, mbavu hana. Mtaa mzima ulikuwa ukikaa upande, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema isipokuwa mmoja. Chiriku peke yake hakucheka. Hakuona la kuchekesha. Aliomba, akajibiwa, ndivyo inavyokuwa.

Fundi alizifungua zile kamba, akazifunga upya kwa mkono mwepesi, akalisimamisha kochi. Akakaa tena. Aliegemea vile vimaua vyeupe, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyefika kutoka safari.

"Limenipokea," alisema. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Chiriku, nataka kumwambia bibi yako kwamba nimekosa mimi. Sijawahi kumwambia."

"Nitakupelekea," alisema Chiriku, akapanda mapajani pake. "Lakini lazima tuamkie kwanza."

Akafumba macho. Fundi akavua kofia, akafumba yake.

"Shikamoo Mungu," alisema mtoto.

"Shikamoo," alisema mzee, kwa sauti ya chini.

Wakanyamaza wote wawili, wakangoja kuitikiwa.